Maneno Nyuma ya Picha za Flashi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza shule, kwa umri huu! Chumba chenyewe kiko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kompyuta zimepangwa kufuata ukuta, na harufu ya rangi inapanda kutoka chini mpaka kooni. Wanafunzi wengi ni rika la binti yangu. Wa rika langu ni mmoja tu, mwenye bucha la pale kona, ambaye amekuja na aproni yake. Kila mtu anamwita Bucha, na mwalimu naye ameshaanza kumwita hivyo. Yeye ananiita Mama Mapazia kwa sababu nilimshonea mapazia ya sebuleni, na mpaka leo analalamika kwamba ni marefu. Si marefu. Dirisha lake ndilo fupi.

Mwalimu ni mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu, hana mchezo. Alituuliza mmoja mmoja anataka kutengeneza ukurasa wa nini kwenye mtandao. Nikasema wa picha za mume wangu.

"Mume wako ni mpiga picha?"

Bucha akadakia kabla sijafungua mdomo. "Mwalimu, humjui Flashi? Mtaa huu wote umepigwa picha na Flashi!"

Nikanyoosha mgongo kidogo.

Yaliyobaki sikuyasema pale, nayaandika hapa. Flashi ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilizimika mwaka jana. La kulia limebaki na tundu la kuchungulia tu, na daktari amesema nalo litafunga, hajui lini. Studio tumeifunga. Picha zake za miaka yote ziko kwenye maboksi chumba cha nyuma, zinanyonya unyevu, na mwenyewe hataki hata kuyagusa. Nataka nizitoe humo, niziweke mahali zitakapong'aa na kukuzwa, azione wakati jicho bado lipo. Ndiyo maana nimeacha cherehani alasiri mbili kwa wiki. Sina sababu nyingine.

Jumatano, 5 Machi

Leo maandishi tu. Kichwa cha habari, aya, kichwa cha habari, aya. Bucha ameandika NYAMA kwa herufi kubwa hadi zikatoka nje ya kioo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefungua maboksi. Nimepiga chafya asubuhi nzima.

Flashi nilimweka kwenye kiti karibu na dirisha, nikawa nampa picha moja moja achague. Alikuwa anaichukua, anaielekeza dirishani, anapitisha kidole gumba pembeni, kisha anauliza, "Hii ni ipi?"

"Si unayo mkononi?"

"Nakuuliza wewe. Miwani yangu iko wapi?"

Miwani iko puani. Nikamwambia, "Ni ile ya bibi harusi kwenye baiskeli."

"Aaa! Hiyo iwe ya kwanza."

Tukaenda hivyo hivyo. Mimi nasema picha ni ipi, yeye anasema ikae wapi. Bibi harusi wa baiskeli kwanza. Halafu kinyozi na mteja aliyesinzia. Halafu pacha waliogoma kusimama pamoja. Mpangilio wote aliutoa kichwani bila kusita, lakini picha zenyewe alizipitia kama karata, hata moja hakuikazia macho. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kama hutaki kazi hii sema, mimi nina mapazia ya watu.

"Nani kasema sitaki?" akajibu, lakini uso alikuwa ameugeuzia dirishani.

Chini kabisa ya boksi nikakuta moja yangu, ya ujanani, siku niliyokuja studio kwake kupiga picha ya kitambulisho. Nikasema, "Hii ni mimi," nikataka kuirudisha. Akanyoosha mkono, akaishika muda mrefu kuliko alivyozishika nyingine.

"Hii iwe katikati."

"Ya nini hii?"

"Mpiga picha ni nani, wewe au mimi?"

Haya, katikati.

Jumatatu, 10 Machi

Leo ndiyo tumefika kwenye picha. Mimi siku zote nilidhani picha inabandikwa kwenye ukurasa kama stempu kwenye bahasha. Kumbe sivyo. Ukurasa ni maandishi matupu. Unaandika mstari mmoja wa kuiagiza kompyuta: nenda mahali fulani, chukua picha fulani, uilete hapa. Mwalimu akasema ukimtuma mtu dukani bila kumwambia duka liko wapi, atarudi mikono mitupu, kwa hiyo tuandike anwani ya picha bila kukosea hata nukta. Nikaandika kwa uangalifu kama ninavyopima kitambaa.

Halafu kuna sehemu nyingine ndani ya mstari huohuo, ya kuandika maneno yanayoieleza picha. Mwenye macho hayaoni, yamekaa nyuma ya picha. Yanatokea picha ikikosekana, na pia yanamsaidia mtu asiyeona, kwa sababu simu yake inamsomea kwa sauti. Mwalimu akasisitiza tusiidharau sehemu hiyo. Nikasema moyoni, wangu anaona. Nikaandika "picha" kwenye mistari yote, nikasonga mbele.

Jumatano, 12 Machi

Umeme umekatika. Tumekaa gizani tukisikiliza bati la jirani.

Jumapili, 16 Machi

Zimetokea! Nimeketi kwenye kompyuta aliyotuachia binti yetu alipohamia mbali, picha zote nimeshaziskani kwenye duka la fotokopi, nimezipanga kwenye folda, nimeandika mistari yangu, nikafungua ukurasa na zikajitokeza moja baada ya nyingine. Bibi harusi kwenye baiskeli, shela limeshikwa na upepo. Kinyozi. Pacha. Nilipiga kelele peke yangu kama mwehu.

Nikamwita Flashi. Akaitikia kutoka uani, "Nakuja." Hakuja. Nikamwita tena. Akasema kichwa kinamuuma. Nikatoka nje kumfuata, nimemkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, chini ya ukingo wa paa, anasikiliza mvua.

"Njoo uone basi, dakika moja."

"Nitaona kesho, mke wangu. Zitakimbia?"

Nimeingia ndani nimezima kompyuta. Sitaki kusema uongo humu: nimeumia. Nimejifunza mambo ya watoto kwa ajili yake na yeye ananinunia.

Jumatatu, 17 Machi

Bucha ameweka picha ya paja la ng'ombe, kubwa kiasi kwamba ukurasa wake haufunguki. Tulikaa tukisubiri, ikatokea kwato, halafu goti, halafu ikagoma. Mwalimu akamwambia apunguze ukubwa wa faili. Bucha akasema, "Mwalimu, mimi tangu nifungue bucha sijawahi kumpunguzia mtu nyama." Hata mwalimu alicheka, na yule mwanamke si mtu wa kucheka.

Jumatano, 26 Machi

Mvua haikatiki. Flashi amemimina chai nje ya kikombe, ikamfika mapajani, halafu akaifokea birika. Nikamwambia birika haina kosa, tatizo ni kununa. Amekuwa mtu wa kukaa tu. Zamani alikuwa hawezi kupita mtu mlangoni bila kumtania, sasa mtu akipita anangoja asalimiwe kwanza.

Ijumaa, 28 Machi

Vitambaa havikauki. Sina la kuandika.

Jumatano, 2 Aprili

Mwalimu ametangaza: Jumatano ijayo kila mtu ataonyesha ukurasa wake ukutani kwa projekta, mbele ya wageni. Picha itakuwa kubwa kama ukuta wenyewe. Nimerudi nyumbani mbio. Hapa hata jicho lenye tundu dogo litaona, nilijiambia.

Flashi akazunguka weee. Mvua, kichwa, viatu. Mwishowe nikamwambia ukweli wangu. "Mzee, mimi naogopa. Daktari hakusema lini. Nataka uone kazi yako mara moja tu, ikiwa kubwa, halafu hata likifunga nitajua uliona."

Akasema, "Nitakuja. Ninyooshee lile koti."

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie njiani.

Tumetoka mapema, mwavuli mmoja, yeye kanishika bega badala ya mimi kumshika mkono. Koti limemkaa vizuri. Kwenye ngazi alijikwaa, nikamtania kwamba anafikiria hotuba. Bucha alikuwa amemwekea kiti cha mbele kabisa na kukifuta kwa aproni.

Zamu yangu ikafika. Mwalimu tayari alikuwa ameshaupandisha ukurasa wangu kwenye mtandao. Nikasimama karibu na meza, nikabonyeza, nikageukia ukuta.

Hakuna kitu. Jina la ukurasa liko juu, "Picha za Flashi", na chini yake visanduku. Visanduku vitupu vimepangana kuteremka, kila kimoja kina kialama cha karatasi iliyopasuka na neno nililoliandika mwenyewe kwa haraka: picha, picha, picha. Nikabonyeza tena. Vilevile. Chumba kizima kimya.

Na kwenye kimya kile nikasikia sauti ya mume wangu, kubwa, ile ya studio, ya zamani.

"Loo! Safi kabisa! Tazameni bibi harusi yule kwenye baiskeli! Mnauona mwanga ulivyomkaa begani? Mke wangu, umenitoa kimasomaso!"

Alikuwa anatabasamu, uso ameuinua kuelekea ukutani. Vijana wakaangaliana. Mmoja alicheka kidogo, akidhani mzee anatania.

Mimi nilijua hatanii. Nilijua pale pale, yote kwa mkupuo. Kidole gumba pembeni mwa picha. Birika. Bega langu njiani. Ngazi. Kumngoja mtu asalimie kwanza ili ajue ni nani. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu na siwezi kusema neno, kwa sababu nikisema picha hazipo, nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya mtaa.

Bucha akasimama. Alitazama ukuta, akamtazama Flashi, akanitazama mimi. Halafu mtu huyu niliyemwona siku zote ni wa utani tu akasema kwa sauti, "Kweli kabisa, Flashi. Kazi safi," akaanza kupiga makofi na ile mikono yake mikubwa. Wale vijana wakamfuata. Chumba kizima kikapigia makofi ukuta mtupu, na Flashi akainamisha kichwa kushukuru.

Mwalimu akaja karibu na sikio langu. "Umeiagiza ikachukue picha kwenye kompyuta ya nyumbani kwako," akanong'ona. "Kwako zinaonekana kwa sababu ziko kwako. Hapa hazipo. Ulikuwa unaziona peke yako."

Tumerudi bila kuzungumza, zaidi ya yeye kusema tena kwamba ile ya baiskeli imetoka vizuri.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi nimemwekea chai mkononi, sikuiweka mezani. Nimekaa mbele yake.

"Baba. Jana ukutani hapakuwa na picha."

"Vipi?"

"Nilikosea anwani. Hapakuwa na picha hata moja. Visanduku vitupu."

"Hata ya baiskeli?"

"Hata ya baiskeli."

"Na mimi nikasifia mwanga."

"Ukasifia mwanga. Begani."

Akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Anacheka mpaka chai inamwagika. Nami nikajikuta nacheka, tumecheka mpaka mbavu zinauma, na mimi ndiye niliyegeuka na kuanza kulia, na hapo hata yeye akaacha.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya mvua. Naona mwanga wa dirisha, na kivuli mtu akipita. Basi."

Kabla ya mvua! Kabla hata sijapanda zile ngazi siku ya kwanza. Nikawaka. Nilimwambia ni mwongo, nilimwambia angegongwa na gari, nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Akanisikiliza yote akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Ulikuja na habari za shule," akasema nilipomaliza. "Umefurahi vile. Umeacha kazi za watu kwa ajili yangu. Ningekwambia nini, umechelewa?"

Nilikuwa nashindana na kitu ambacho kilishamaliza mbio, na huku namwita mtu mnuni. Wa kununa nilikuwa mimi.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikwenda darasani. Bucha amekuja kuniulizia, amesimama mlangoni maji yanamchuruzika.

"Mama Mapazia, rudi bwana. Kule nimebaki mzee peke yangu, wale watoto wananipanda kichwani."

Nikamwambia ukurasa umeshakuwa hauna maana, mtu niliyemtengenezea haoni. Nikamshukuru pia kwa yale makofi. Hilo la makofi akajifanya hakulisikia. Akasema, "Kwani ameacha kuona leo? Mimi nilijua tangu mwezi wa pili, alikuja bucha akalipa kwa kupapasa noti. Lakini mbona bado anaongea habari za picha kila siku? Mwenzio hajaacha kazi, Mama Mapazia. Wewe ndiye unayetaka kumwachisha."

Akaondoka. Nimekaa na maneno yake mchana kutwa.

Jumatano, 16 Aprili

Nimerudi. Nimerekebisha. Picha zote kwenye folda moja iliyokaa pamoja na ukurasa, folda na ukurasa vikapandishwa pamoja mtandaoni, na anwani ikawa fupi: chukua hapa hapa jirani, usiende mbali. Binti yetu amepiga simu kutoka huko aliko, "Mama, zimetokea! Zote! Hata wewe upo!" Nikamweleza habari za macho ya baba yake. Alilia, halafu akanielekeza jinsi ya kuwasha sauti ya kusoma kwenye simu ya Flashi.

Tukafungua ukurasa. Flashi kaishika simu kama kifaranga. Sauti ya mwanamke asiye na haraka ikasoma: "Picha za Flashi. Picha. Picha. Picha. Picha."

"Asante," Flashi akaiambia simu. "Nilidhani ni viazi."

Jumanne, 22 Aprili

Nimeanza kuandika maneno ya nyuma ya picha. Ni kazi ngumu kuliko mapazia. Nikaandika ya kwanza: Bibi harusi yuko kwenye baiskeli. Nikampa asikilize.

"Yuko vipi? Amekaa? Amelala? Anaendesha?"

"Anaendesha."

"Basi sema. Na mwanga unatoka wapi?"

"Flashi, nani anajali mwanga?"

"Mimi!"

Nikatazama upya. Nimeishi na picha hiyo miaka yote, ilining'inia studio, na sikuwahi kuona kwamba bibi harusi amevua viatu na kuvitundika kwenye usukani. Nikamwambia. "Ndiyo!" akapiga kofi paja lake. "Vilikuwa vinambana! Andika viatu."

Jumapili, 27 Aprili

Tumegombana kuhusu pacha. Mimi nimeandika wamenuna. Yeye anasema mmoja kanuna na mwingine anamwigiza. Nimesogeza pua mpaka kwenye kioo. Amesema kweli. Huyu wa kulia anabana kicheko.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua imepungua. Bucha ameandika nyuma ya picha yake: "Paja la ng'ombe, halijapunguzwa."

Ijumaa, 2 Mei

Zimekwisha zote isipokuwa ile yangu. Kila nikianza nafuta. Utajielezaje mwenyewe, utasema nini, mrembo? Naona haya. Mwalimu anasema sehemu ile ukiiacha wazi, sauti inaipita picha kimyakimya, kama haipo. Nimeiacha wazi. Ziko nyingi, hatashtuka.

Jumanne, 6 Mei

Kila asubuhi sasa anakaa na simu dirishani na kuusikiliza ukurasa mzima kutoka juu hadi chini. Wapita njia anawasimamisha, "Ngoja, ngoja, usikilize kinyozi." Ameanza kutania watu tena. Leo kamwambia mwalimu, aliyekuja nimrekebishie gauni lake la kitenge, kwamba sauti yake na ya ile simu ni ndugu. Mwalimu hakukasirika.

Jumatatu, 12 Mei

Leo kumekucha jua. Nilikuwa kwenye cherehani na mzigo wa mapazia ya zahanati, Flashi yuko na simu yake. Ikafika mwisho. Akairudisha. Ikafika mwisho tena.

"Kuna moja inarukwa," akasema.

"Ipi?" nikajifanya hamnazo.

"Baada ya fundi saa inakuja timu ya mpira. Katikati yao kuna moja. Niliipanga mwenyewe."

Nikamwambia ile si muhimu, iko pale, wenye macho wanaiona. Nikakanyaga cherehani ili kelele zimalize maneno. Akangoja mpaka nikaacha.

"Mke wangu, nikwambie kitu? Bibi harusi ninaye. Kinyozi ninaye. Pacha nawaona hata usiponisomea. Kila uso niliowahi kuupigia picha niliutafuta kwenye lenzi, nikaupima, nikausubiri, kwa hiyo umekaa." Akajigusa kichwa. "Wewe nilikuona kila siku. Nilikuzoea. Sikukutazama kama mtu anayeaga. Na sasa uso wako ndio unaonitoka. Jana nimekaa hapa nautafuta, napata sauti, napata mikono, uso hauji. Kile kidoti chako, mke wangu, kiko jicho la kulia au la kushoto?"

Nilisimama, uzi ukakatika. Na mimi mwenyewe, Mungu ananiona, sikuwa na uhakika. Nilikwenda kwenye kioo cha kabati kujitazama.

"Kushoto."

"Kwako au kwa anayekutazama?"

"Kwangu. Ukinitazama, kulia."

"Haya," akasema taratibu. "Andika."

Nikawasha kompyuta. Nikaikuza ile picha mpaka ikajaa kioo chote, nikamwangalia yule msichana vile nilivyofundishwa na mume wangu kuwaangalia wengine, na nikaandika bila kufuta:

"Msichana amekuja kupigwa picha ya kitambulisho. Mwanga unatoka dirishani, upande wa kulia wa picha. Paji la uso ni pana. Nyusi nene, moja imepanda kwa sababu mpiga picha anamchelewesha makusudi. Pua fupi. Kidoti chini ya jicho la kushoto, kwako kulia. Midomo ameibana asicheke, lakini shavu limeshamsaliti. Siku hizi nywele za mbele ni nyeupe na shavu limelegea kidogo. Kidoti kipo palepale."

Mwalimu angenikemea, kwa sababu maneno yanatakiwa yaseme kilichomo kwenye picha tu, na mvi hazimo. Nimeziacha.

Nikaupandisha ukurasa, nikamwambia tayari. Fundi saa akapita. Kisha sauti ile isiyo na haraka ikaanza kunisoma, neno kwa neno, mimi nimesimama nyuma ya kiti na sijui mikono niiweke wapi. Alisikiliza amefumba macho. Ilipokwisha akairudisha nyuma, akasikiliza tena, midomo inafuata maneno. Akaizima kabla timu ya mpira haijaingia.

"Haya," akasema. "Nimekuona."

Nikamwambia vizuri, maana mapazia ya zahanati yananingoja. Nikarudi kukaa, nikachukua uzi niutunge upya, na sindano nikawa siioni.